Paka wa Abdurahman na Shuka za Maua

Ninaapa kwamba haya yote ni kweli. Mkono wangu wa kulia uko juu ya paka huyu, Meneja, mbele ya duka la mwenye paka, Abdurahman, na nikiongeza hata chembe ya chumvi, anipapure. Mtoto yule aliyekaa juu ya gunia la unga aache kutikisa miguu, nianze.

Hapa Awendo kuna mzee mmoja, tumwite Bonface. Alikata miwa miaka thelathini na moja, akastaafu na mgongo uliopinda kama ndoano. Ni mtu mwema, mcheshi, na sura yake si mbaya. Mbona mnacheka?

Bonface anaishi na mjukuu wake wa miaka saba, anayemwita Kwara, yaani babu kwa Kijaluo. Mama wa mtoto, Celestine, anauza samaki Homa Bay na huja Jumapili. Mwaka huu alimletea mtoto godoro jipya, nene kama mkate, pamoja na shuka mbili za maua: moja ya mtoto, moja ya babu, ili wasigombane.

Mvua zilipoanza, paa likavuja upande wa babu, na kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi. Pumu alikuwa nayo tangu akiwa mchanga, lakini inhela yake ya buluu ilikuwa ikiituliza. Sasa akawa anaivuta asubuhi, mchana na jioni, na bado anapumua kama mtu aliyekimbizwa na fahali.

Bonface akatafuta mkosaji, akampata Meneja. Paka huyu alikuwa na tabia ya kutoka dukani na kujikunja kwenye miguu ya mtoto. Bonface akalitangazia soko zima kwamba manyoya ya Meneja kwa wiki moja yanajaza mto wa kulalia. Akasema paka huyo alikuja na lori la samaki kutoka ziwani, akala mbuta mzima njiani, dereva akabaki na risiti. Watu walicheka, lakini walianza kumfukuza Meneja kwa mawe.

Abdurahman alimwambia kwa upole kwamba paka ndiye anayemlindia unga, na kwamba hajawahi kusikia mtoto mwingine akilalamika. Hapo ndipo Bonface alipoapa mbele ya watu.

"Kama si paka, nitambeba mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, nizunguke soko lote nikitaja kosa langu."

Kesho yake Abdurahman alimpeleka Meneja mbali huko Kegonga, kwa rafiki yake Momanyi. Panya wakahamia dukani na jamaa zao.

Wiki tatu zikapita bila paka. Alhamisi moja alasiri mtoto alitoka shule amechoka, akajilaza kidogo. Kultum, mke wa Abdurahman, alikuwa ametoka dukani mara moja kwenda kwa Bonface kuomba jembe, akamkuta ameketi kitandani, mikono kwenye magoti, midomo ina rangi ya majivu. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Mtoto alijaribu kusema jina lake mwenyewe akashindwa kulimaliza. Inhela haikufua dafu. Kultum aliacha duka wazi kwa hao panya, akambeba mtoto, akasimama katikati ya barabara mpaka bodaboda ikasimama.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Alilazwa siku mbili. Bonface alikaa nje ya wodi ameshika inhela tupu.

Mtoto alipopata nafuu, Celestine aliwapeleka kwa daktari Homa Bay. Daktari akamdonadona mkononi kwa matone ya kupima mzio, kila tone na jina la kitu kinachoweza kumdhuru. Tone la paka halikufanya kitu. Tone la ukungu, ule mweusi unaoota penye unyevunyevu, likavimba kama harage.

Daktari aliuliza mtoto analalia nini. Bonface akawahi kujibu kwamba ni godoro jipya kabisa. Celestine akaitikia, maana alilinunua mwenyewe. Mtoto alitazama viatu vyake.

Jioni hiyo Celestine alifika nyumbani akavuta shuka ya maua kitandani kwa mtoto. Chini yake godoro lilikuwa jembamba, lina madoa meusi pande zote, linanuka kama gunia la muhogo lililonyeshewa. Akaenda upande wa pili, akavuta shuka ya pili. Chini yake lilikuwa lile jipya, nene kama mkate.

"Baba," akasema, "hili la mtoto ni lako."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Sasa msimhukumu Bonface haraka. Mgongo wa miwa mnaujua. Aliazima lile jipya siku mbili tu, aunyooshe, kisha kwa uzee akasahau. Mtoto naye akasahau kumwambia mama yake, watoto ndivyo walivyo. Bonface ana aibu kubwa, na leo hajisikii vizuri, kwa hiyo amenituma mimi nimtoe Meneja huko Kegonga, nimrudishe hapa, niwaombe radhi Abdurahman na Kultum kwa niaba yake. Nimemaliza.

Mtoto aliyekaa juu ya gunia akaacha kutikisa miguu.

"Kwara," akasema, taratibu, kifua chake kimya, "si siku mbili. Ni tangu Pasaka. Na uliniambia nikimwambia mama, hutanihadithia tena."

Kultum akavua leso begani. Nikainama, akanifunga paka mgongoni.