Kuchungulia Bila Hodi

Kila asubuhi, kabla hajatunga uzi kwenye sindano, Bi Pini alimchungulia adui yake.

Adui mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Bi Pini alifungua simu chini ya meza ya kukatia vitambaa, akaangalia stetasi, akaguna, akafunga. Jina lake halikutokea kwenye orodha ya walioona. Ujanja huo alifundishwa na fundi suruali, mwanamume mnene mwenye cherehani ya pili katika kile chumba chao.

"Unazima hapa, Bi Pini. Unaona, huonekani. Humo ndani mna mambo mengi. Mtu anaweza hata kuchagua nani amwone na nani asimwone."

"Mimi nataka hilo moja tu. Mengine baki nayo."

Walikosana kwa sababu ya zipu. Bi Pini alimshonea mdogo wake gauni la harusi, wiki tatu mfululizo, shanga moja moja kwa mkono. Siku ya siku, bibi harusi akainama kukata keki, zipu ikafumuka kuanzia shingoni mpaka pasipotajika. Akalia mbele ya wageni, "Dada, umeniaibisha!" Naye Bi Pini, ambaye Mungu alimjalia mikono mizuri na mdomo mbaya, akajibu kwa sauti iliyofika meza ya wakwe, "Zipu haina kosa. Nilikupima mara mbili. Hilo tumbo ndilo limekuja bila kualikwa."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma. Kabla keki haijaliwa, walishaapizana: atakayeanza kumsemesha mwenzake ni mbwa.

Miezi sita ikapita, mbwa hajapatikana.

Lakini hizo stetasi! Haikupita siku bila kitu. Mara miguu iliyovimba, imelazwa juu ya mto: "Viatu vyote vimenikataa." Bi Pini akaifokea simu, "Si uvae ndala!" Mara kinguo cha mtoto cha manjano, kimeshonwa kwa mkono, kola imekaa upande: "Najua kuna mtu atacheka." Bi Pini alicheka kweli, kisha akanuna siku nzima, maana kola ile angeinyoosha kwa dakika mbili. Mara picha ya zamani ya marehemu mama yao: "Mama angekuwepo angetuchapa sote wawili." Siku hiyo hakuguna wala hakucheka.

"Anajianika tu," alimwambia fundi suruali. "Mji mzima unasoma mambo ya kwetu. Hana haya hata kidogo."

"Basi acha kuangalia."

"Nikiacha nitajuaje kama hana haya?"

Moyoni alijua anachotaka. Alitaka mdogo wake aje, asimame pale mlangoni, aseme "dada" mara moja tu. Asingemwuliza la zaidi. Lakini aje yeye.

Leo asubuhi stetasi ilikuwa maandishi matupu. "Kesho saa mbili asubuhi napasuliwa. Wodi ya wazazi, kitanda cha nne, karibu na dirisha. Mume wangu bado yuko safarini. Naogopa sana."

Bi Pini, aliyekuwa na pini tatu mdomoni kama kawaida yake, nusura azimeze zote. Akazitema kiganjani.

"Haya, ona sasa! Mtu mzima anatangazia dunia mpaka namba ya kitanda! Watajazana huko kama wamealikwa karamu. Majirani, mashoga, watu wa kazini kwake. Na mimi niende, nikapange foleni nyuma ya mashoga?"

"Nenda, Bi Pini," fundi suruali akasema, macho kwenye pindo lake. "Kupasuliwa si mchezo."

"Nimeapa. Tena ana watu tele huyo, mimi wa nini?"

Alisema hivyo, lakini alikuwa ameshona mfuko wa sketi ndani nje, na machozi yalimtoka akayasingizia mvuke wa pasi. Alimpenda yule mtoto. Alimbeba mgongoni tangu hajaota meno, na sasa alikuwa anaogopa peke yake.

Saa sita mchana shangazi yao aliingia kuchukua gauni lake. Bi Pini akaona hapa ndipo pa kutokea. Shangazi akienda hospitali, yeye atajibanza nyuma yake tu. Mtu aliyemsindikiza shangazi yake hawezi kuitwa mbwa.

"Shangazi, kesho tunatoka saa ngapi?"

"Kwenda wapi?"

"Hospitali! Si huyo mtoto wenu anapasuliwa?"

Shangazi akatafuta stuli, akakaa. "Kesho? Mungu wangu! Mimi aliniambia siku bado hawajampangia. Nani kakwambia?"

"Kwani wewe huna simu, shangazi? Kaweka kwenye stetasi, mji mzima umesoma!"

Shangazi akavaa miwani, akatoa simu kwenye pochi, akapekua juu, akapekua chini, akarudi juu.

"Namba yake ninayo, na hapa hamna kitu. Huyu hajaweka chochote tangu harusi, mwanangu. Hata juzi nilimwuliza mbona yuko kimya hivyo, akaniambia siku hizi anaongea na dada yake tu, kila siku. Nikafurahi mwenzio, nikasema afadhali mmepatana."