Kitako Kilicholika Upande wa Kulia

Jamani, bunduki ya Babu tumeiona! Ijumaa hii, soko la Nizwa, huku Oman, mkononi mwa dalali!

Babu aliiuza mwaka wa ukame, na Bibi hajaacha kuiulizia mpaka leo, Babu mwenyewe keshatangulia. Mimi na usomi wangu wa chuo nilijua tu kuwa ni Martini, ile fupi ya askari wapanda farasi wa Kiingereza, yenye taji kwenye chuma. Lakini Martini zimejaa soko zima!

"Hii nakushushia bei, mama," dalali akamwambia Bibi. "Mtutu mzima, ila kitako kimelika upande wa kulia. Mwenyewe alikuwa mtu wa shoto. Nani ataitaka?"

Bibi akaipokea. Akalaza shavu lake la kushoto pale palipolika, mbele ya wanaume wote.

"Miaka yote nilimgombeza," akanong'ona, "asile wali kwa mkono wa kushoto."

Dalali akanyoosha mkono. "Lete basi, nikakubadilishie kitako. Mbao mpya ninazo."

"Ngoja wewe," Bibi akasema, macho kayafumba. "Bado hatujamaliza kusalimiana."