Fimbo ya Mzee Kondo

"Meza hapa hapa, nikuone!" Mzee Kondo alifoka, akigonga sakafu kwa fimbo ya kupimia urefu.

Twalib, muuza magodoro wa Keko, alibetua midomo. "Nimeshameza, mzee."

"Fungua kinywa. Inua ulimi."

Vidonge vya kinga ya matende na mabusha vilikuwa bado shavuni. Twalib alivishushia maji, macho yamemtoka.

"Na mkeo?"

"Raudha hamezi. Dawa zenyewe zinafunga kizazi. Nimeshamkataza."

"Umemkataza wewe kama nani? Ukivimba mguu, utavimba wako au wake?" Mzee aligonga tena sakafu kwa fimbo. "Mwanamume mzima, huna haya!"

Raudha alitoka mwenyewe, akasimama wima kwenye fimbo. Shamimu, mgawa dawa, alisoma alama ya kimo chake, akamhesabia vidonge vinavyolingana nacho. Akameza bila kumtazama mumewe.

Njiani Shamimu alishusha pumzi. Juzi mzee huyu fundi seremala alimjia na fimbo aliyoichonga mwenyewe, akasema atamsindikiza mtaa mzima, na posho hataki. Tangu hapo ni ugomvi kila mlango.

"Babu, watatushitaki kwa mjumbe wa mtaa. Punguza ukali."

"Wanishitaki! Waume wa namna ile ningewachapa bakora hadharani."

Nyumba ya mwisho mzee hakupiga hodi. Alisukuma mlango, akavua kandambili, akaenda kusimama ukutani. Fimbo bado ilikuwa mkononi.

Mkekani alikaa Bi Mwajabu, mguu wa kulia umevimba mpaka kanga imeshindwa kuuficha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe changu nimeze. Najua mguu hautarudi, lakini nipe."

Shamimu alimhesabia vidonge. "Bibi, miaka yote ile wagawa dawa hawakufika hapa?"

"Walifika sana. Mume wangu ndiye aliyekataa. Mwaka mmoja aliwatoa mbio na randa mkononi, anawaita wauaji."

Hasira ilimpanda Shamimu mpaka masikioni. Sasa alimwelewa mzee. "Mume gani huyo, bibi? Yuko wapi nimwambie ukweli wake?"

Bi Mwajabu alimeza kidonge cha mwisho, akanyoosha kidevu kuelekea ukutani.

"Si huyo hapo, aliyekushikia fimbo."