Sufuria Kutoka Chini ya Bahari

Mzamiaji alisafiri siku mbili kutoka Tanga mpaka Kasulu, akaniwekea sufuria mapajani. Alikuwa ameiosha chumvi yote na kuifunga kwa kanga yake mwenyewe.

“Tulikuwa tunatafuta mitungi ya meli ya kale, Bibi. Pembeni tukakuta mashua ya juzijuzi tu.”

Niliigeuza. Chini yake palikuwa na maandishi niliyoyachora kwa msumari, maana vyombo hupotea misibani: MWAMVUA KASULU. Sufuria hii nilimpa binti yangu alipokwenda pwani kupika. Mwaka wa sita huu simu yake haipatikani, na watu nawaambia amebadilisha laini.

“Mashuani mna watu?”

“Wamo, Bibi. Hatujawagusa. Tukipata ndugu zao tutawapandisha, wazikwe.”

Kidole changu kilipapasa herufi. Magamba ya bahari yalikuwa yameziba M ya kwanza.

“Huko chini kuna giza?”

“Hapana. Asubuhi mwanga unafika.” Alisema hivyo akitazama sakafu, na nikamshukuru moyoni.

Kisha akauliza polepole, “Nimeelekezwa hapa, Bibi. Wewe ndiye Mwamvua?”

“Akina Mwamvua ni wengi hapa Kasulu, mwanangu,” nikasema, nikamrudishia sufuria. “Kaulize ng’ambo ya soko.”