Kitambaa cha Kufuma

Nyumbani kwa Bi Mashavu hakuna kilichokaa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, jokofu nalo chake, na simu nayo, kila ilipowekwa chaji, ilifunikwa gubigubi.

"Wifi, simu ikichajiwa hupata joto. Iache ipumue," Msiwa, dada wa marehemu mumewe, alimwambia mara nyingi.

"Na vumbi je?"

Asubuhi moja Bi Mashavu alikuwa uani akianika nguo aliponusa harufu ya plastiki inayoungua. Alikimbia ndani, akazima swichi ya ukutani. Kitambaa kilikuwa kimeungua tundu jeusi katikati, na chini yake simu ilikuwa imevimba na kupasuka. Msiwa akaja mbio, akaibeba kwa koleo, akaiweka mchangani, mbali na mlango.

"Shukuru, wifi. Nyumba imepona."

Bi Mashavu alichuchumaa kando ya simu. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya mumewe, aliyoituma kutoka sokoni wiki aliyofariki: *Mashavu, nichukue mchicha au kisamvu?* Aliisikiliza kila alipoamka. Siku sauti ile ilipofika, Bi Mashavu alikuwa na shughuli, hakumjibu.

"Ungenitumia na mimi, ningekuwekea," Msiwa alisema taratibu.

"Nilidhani naitunza."

Simu ilipopoa, Bi Mashavu aliitandazia kitambaa kilekile pale mchangani, akazinyoosha ncha zake nne. Kisha akapiga magoti, akatega sikio kwenye lile tundu.

"Mchicha," alisema.