Sista Alisinzia Akihesabu Mapigo

Sista Marsiana alizinduka akiwa bado ameshika mkono wa mgonjwa. Alikuwa akihesabu mapigo ya moyo, usingizi ukambeba kabla hajamaliza.

Mzee yule mkimbizi hakuuvuta mkono wake. "Sikutaka kukuamsha," alisema. "Nikaona nihesabu ya kwako, binti yangu. Yamechoka."

Hema zima la wagonjwa likacheka, hata wenye dripu.

Hapo ndipo msimamizi wa hospitali ya kambi alipoingia, koti lake limenyooka kwa pasi. "Sista, wakimbizi wengine wamevuka mpaka leo alfajiri, wako njiani kuja Ngara. Unganisha na zamu ya mchana."

Wiki nzima Marsiana alikuwa akiitikia "sawa, bosi". Sasa aliangalia alama za vidole vyake kwenye kifundo chembamba cha mkono wa mzee. Leo kasinzia na mkono wa mtu. Kesho akisinzia na sindano je?

"Hapana, bosi," alisema kwa upole. "Naenda kulala. Nitarudi jioni, kwenye zamu yangu."

"Na hawa nani atawahudumia?"

Marsiana alivishika vidole vya bosi, akaviweka pale kwenye zile alama.

"Anza na huyu. Sijamaliza kumhesabu."

Mzee akajiweka sawa kitandani. "Karibu, bwana mkubwa. Ukisinzia usijali, mimi niko macho."