Siku Mkataba Ulipofunguliwa

Karani alikata utepe mwekundu kwa mkasi, na mzee akasimama. Mkataba wa umeme wa jua ulikuwa mezani, umefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu usainiwe, na masjala nzima ilikuwa imeacha kazi kutazama.

"Kaa, baba," karani alimwambia. "Mrefu huu."

"Nimekaa vya kutosha, mwanangu."

Hapo alisema kweli. Miaka miwili alikuwa akija kila Jumatano, shati limepigwa pasi, kofia mkononi, anauliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile: mkataba ni siri ya biashara, rudi siku nyingine. Pale ofisini walishambatiza Bwana Jumatano. Akitokeza tu mlangoni, hakosi mtu wa kumtania karani: "Mchumba wako kafika." Mwanzoni naye alicheka. Aliacha siku mzee alipomweleza anachokitafuta.

Alikuwa na mjukuu. Mtoto wa binti yake wa mwisho, kazaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo hata ungembeba kwa kiganja kimoja. Zahanati ilimweka kwenye kisanduku cha joto. Siku ya nne, saa nane mchana, jua linawaka hadi bati linalia, umeme ukakatika. Jenereta lilishaondolewa zamani. La nini tena, na kilima kizima kimetandazwa paneli? Kilima chenyewe walikitoa wakazi, kwa ahadi ya mdomo kwamba zahanati haitakosa umeme hata siku moja. Muuguzi alimfunga mtoto kwa kila shuka aliyoipata, mama yake akamkumbatia kifuani. Kupitia dirishani waliziona paneli ziking'aa, na ng'ambo ya kilima walisikia kiwanda cha saruji kikinguruma kama kawaida. Saa kumi na moja mtoto alikuwa ameshakufa.

"Kampuni ya umeme inasema ni hitilafu," mzee alimwambia siku ile. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Ilikuwa hitilafu, au ilikuwa imeandikwa?"

Basi sheria ilipopita, kwamba mikataba yote ya umeme ifunguliwe kwa wananchi, karani alimjazia mzee fomu kwa mkono wake na kuiweka juu ya nyingine zote. Ndiyo, aliwaruka watu foleni. Na angerudia tena.

"Nisomee wewe," mzee alisema sasa. "Herufi zao ndogo. Usiruke mstari."

Karani akasoma. Kurasa nane za kueleza maana ya maneno, sita za mipaka ya kilima, kisha bei, bima, vita, matetemeko ya ardhi. Watu hawa walikuwa wamefikiria kila balaa. Mzee alisikiliza macho kayafumba, akiitikia kwa kichwa kila ukurasa ulipofunuliwa. Waliokuja dirishani waliambiwa wasubiri.

Katikati ya bima karani alipumzika, akamuuliza mzee kama binti yake hajambo.

"Sijui. Alihamia kwa wakwe zake. Simu yangu hapokei."

Karani alijua misiba mingine huvunja nyumba. Akafunua ukurasa uliofuata.

Kipengele cha thelathini na moja kilikuwa na mistari michache tu. Alikisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akakirudia tangu mwanzo.

"Soma," mzee alisema.

"'Umeme utapelekwa kwanza kiwandani. Mahitaji ya kiwanda yakizidi, zahanati na nyumba za wakazi zitazimwa bila taarifa. Wakazi wamesomewa kipengele hiki na wamekiridhia, kupitia mwenyekiti wa kamati yao.'"

Mzee akakaa. Alikaa polepole, kashika ukingo wa meza, na machozi yakamtoka bila sauti. Karani alimsukumia kikombe cha maji. Kitoto cha siku nne kilikuwa kimeshapangiwa zamu yake kwenye karatasi kabla mama yake hajapata mimba.

Ndipo hasira zilipompanda karani. "Yaani alisomewa haya, akaridhia? Mtu mwenye akili timamu, anajua kuna wagonjwa pale, anajua kuna wazazi? Huyo mwenyekiti wenu hana utu, baba. Aliwauza mchana kweupe, halafu akaenda kwake kulala usingizi."

Mzee alikuwa akiikunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Jina lake litakuwa huku nyuma, penye saini." Karani alizipindua kurasa zilizobaki zote kwa mkupuo mmoja hadi akafika wa mwisho. "Ngoja nikusomee umjue leo leo. Mpelekee na binti yako, naye amjue."

Kiganja cha mzee kilitua juu ya karatasi, kikafunika maandishi yote.

"Huo usinisomee, mwanangu," alisema. "Huo ndio ukurasa pekee walionipa siku ile, pamoja na kalamu."